Tangi la futi nne, Ngamiani: nilikuwa nachemsha samaki kwa taa

Januari 14

Jana jioni kipimajoto kilisoma nyuzi 32. Asubuhi kilikuwa 28 na nusu. Mbuna wangu, ambao asili yao ni Ziwa Nyasa, walikuwa wamejazana pale maji ya chujio yanaporudi tangini, matamvua yakipwita harakaharaka. Mama mdogo alikuja kutujulia hali, akachungulia, akauliza: "Mwanangu, hao samaki unawafuga au unawapika?"

Nikasingizia kaskazi. Mwezi huu Tanga yote inatokota, na chumba changu ni bati tupu, dari hakuna. Nikatumbukiza chupa mbili za maji yaliyoganda. Saa moja baadaye, 29. Ilipofika saa nne usiku tumerudi 31. Dume la buluu lilipauka, likajibanza nyuma ya jiwe mpaka asubuhi. Kushusha joto ghafla namna ile ni kuwatesa mara mbili. Sirudii.

Januari 16

Leo sikuwasha taa kutwa. Jua lilelile, bati lilelile, jioni 30. Kumbe nyuzi mbili ni za kwangu mwenyewe.

Nikakaa na kalamu. Tangi lina maji kama lita 150. Juu yake kuna tyubu mbili za wati 36, na kila moja ina choki yake, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu, inayokula kama wati 9. Jumla wati 90. Kwa saa 10 ni uniti 0.9 za umeme, na kupasha lita 150 kwa nyuzi moja kunataka uniti 0.17 tu hivi. Joto lote lingeingia majini bila kutoroka, tungepanda nyuzi 5. Kupanda 2 ni bahati.

Kinachouma zaidi ni oksijeni. Maji ya nyuzi 25 hushika kama miligramu 8.3 kwa lita. Yakifika 32 zinabaki kama 7.3. Na samaki kwenye joto ndipo anapotaka pumzi zaidi.

Januari 19

Nimefungua boksi la taa nililoliunda mwenyewe kwa plaiwudi mwaka juzi, nikalionea fahari kweli. Ndani, pale choki zilipokaa, rangi nyeupe imegeuka kahawia kama kitumbua kilichozidiwa moto, na skrubu zimeota kutu kwa mvuke. Niligusa choki, sikufika kuhesabu tatu. Fundi umeme wa mtaani kwetu alicheka: "Kaka, hili si boksi la taa, hili oveni."

Choki zote mbili zimehamia ukutani, mbali na maji. Waya nimeuacha ulegee chini kidogo ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteremka lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme. Tyubu nimezining'iniza kwa minyororo, sentimita 20 juu ya maji, wazi. Kioo cha kufunikia nimekitoa.

Jioni: 30 na nusu.

Januari 21

Kioo nilikitoa, wavu sikuweka. Asubuhi nimemkuta mmoja sakafuni, amekauka kama dagaa. Leo nimetengeneza fremu ya aluminiamu yenye wavu wa plastiki wa matundu mapana.

Januari 30

Feni. Ya kompyuta ya zamani, upana sentimita 12, na adapta ya volti 12. Nilikosea mwanzoni kuielekeza kwenye tyubu. Taa ilipoa, maji hayakujali. Nilipoilaza mshazari ipulize usoni pa maji, siku ya pili tu nikaona tofauti: asubuhi 27, jioni 29.

Siri ni mvuke. Lita moja ikigeuka mvuke huondoka na joto la kutosha kushusha lita 150 kwa karibu nyuzi 4. Hazishuki zote, maana chumba nacho kinarudisha joto lake muda wote. Tena hewa yetu ya pwani imeshashiba maji. Mtu wa Dodoma angepata baridi zaidi kwa feni hiihii. Gharama yake ni kwamba naongeza kama lita 2 kila siku, maji ya bomba yaliyolala kwenye ndoo. Chumvichumvi hazipai na mvuke, zinabaki tangini, kwa hiyo kubadilisha sehemu ya maji kila wiki kuko palepale.

Februari 12

Nimehamisha saa za taa. Zamani saa 3 asubuhi hadi saa 1 usiku, yaani joto la taa juu ya joto la bati. Sasa saa 10 alasiri hadi saa 4 usiku. Nipo nyumbani nawaona, na mwani wa kijani kwenye kioo umepungua.

Februari 27

Tyubu zimestaafu. Nimeweka taa ya LED ya wati 30. Nayo inapata joto, asikudanganye mtu, ila joto lake kubwa liko mgongoni, kwenye aluminiamu, si upande wa maji. Mgongo nimeuacha wazi. Sijengi boksi tena.

Machi 8

Asubuhi 26 na nusu, jioni 28, siku ya sita mfululizo. Dume la buluu limerudisha rangi na ubabe wake, linamfukuza kila anayesogelea jiwe. Feni imeanza kukwaruza. Nadhani ni hewa ya bahari kwenye beringi. Ya akiba ninayo, nitaibadilisha Jumapili.