Siku moja wodini na wanafunzi wangu wa uuguzi

Saa 1:30 asubuhi. Zamu ya usiku inakabidhi wodi ya watoto. Wanafunzi wa mwaka wa pili wanaandika kila namba inayotajwa. Nawaomba wafunge madaftari kidogo, tupite kitanda kwa kitanda wawatazame watoto: nani anahema kwa shida, nani kanyamaza kupita kiasi?

Saa 3:00. Mwanafunzi mmoja anampima joto mtoto wa miezi 8 mwenye homa na kikohozi, anajaza chati, anageuka kuondoka. Mama anasema taratibu, "Sista, tangu alfajiri hataki ziwa."

"Usijali mama, atanyonya tu."

Hapo namsimamisha. Jibu lake lina upole, ila limemnyamazisha mama. Mtoto akishindwa kunyonya, hiyo ni dalili ya hatari, na hakuna kipimo kitakachoionyesha. Avute kiti, akae, aulize. Mama anaeleza vizuri kabisa: mtoto analishika ziwa, anavuta mara mbili tatu, analiachia ili apate pumzi.

"Sasa mfunue kifua, uhesabu."

Anahesabu dakika nzima, kwa kuwa watoto hawapumui kwa mwendo mmoja. Sekunde 15 ukizidisha kwa 4 unaweza kudanganyika. Anapata 58. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, kuanzia 50 ni kupumua haraka. Na chini ya mbavu, kila akivuta hewa, kifua kinabonyea ndani.

"Unafikiria nini?"

"Nimonia kali, madam."

Mwenzake anakimbilia kwa daktari, yeye anapima oksijeni.

Saa 5:00. Oksijeni inakwenda, antibiotiki ya sindano imeanza. Mwanafunzi anamweleza mama ule mrija wa puani ni wa nini.

Saa 7:00. Wali maharage, haraka haraka.

Saa 8:30. Mjadala. Hapa nina lalamiko la siku nyingi: kwenye mitihani ya vitendo tunampa mwanafunzi alama kwa kumsalimia mgonjwa, kisha hatuangalii amefanya nini na jibu alilopewa. Huruma tunaifundisha kama adabu, wakati mama wa leo ndiye aliyetupa taarifa nzito kuliko chati nzima. Wanafunzi wanabishana, na napenda wanavyobishana.

Saa 10:00. Nasaini madaftari yao ya mazoezi. Yule wa asubuhi anaomba abaki na mgonjwa wake kesho. Namkubalia, kwa sharti aje na maswali matatu ya kumuuliza mama kabla hajagusa kipimajoto.