Bibi aliyeomba mbolea ukumbini

Kwenye hafla zetu za kuchangisha mimi ni mtu wa daftari la ahadi. Wanakamati wanakaa mbele na sare zao za kitenge, mimi nakaa mlangoni na kalamu mbili, maana moja lazima igome. Silalamiki. Pale ndipo unapojua nani kaleta bahasha na nani kaleta sauti.

Jumamosi tulikuwa ukumbini hapa Mbeya mjini, kuchangia watoto wanaolelewa na bibi zao vijijini. Mbeya, Iringa na Njombe ndiyo mikoa inayoongoza nchini kwa VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na kuendelea. Kwa sisi tunaozitembelea hizo kaya, bibi aliyezika wanawe na kubaki na wajukuu si habari mpya.

Mambo yalienda kama kawaida. Mgeni rasmi akachelewa, pilau ikapoa, MC akanadi keki. Keki yenyewe ilinunuliwa, ikarudishwa, ikanadiwa tena, mpaka nikaanza kuionea huruma.

Kisha akaitwa bibi mmoja wa kutoka Inyala atoe ushuhuda. Kamati ilitaka aeleze misiba yake. Namfahamu, nilijua halii mbele za watu. Alifunga khanga vizuri kiunoni, akashika maiki kama anashika mwiko, akasema: "Hamjambo wanangu. Mabegi mliyowapa watoto mwaka jana bado mazima. Mimi naomba mbolea. Mvua mwezi ujao." Akarudi kukaa.

Ukumbi mzima kicheko. "Bibi mkulima huyo!" akadakia MC, tukarudi kuchangia madaftari na sweta za watoto.

Mimi nilikuwa nimeshaacha kuandika. Huku kwetu mahindi bila mbolea yanatoka ya njano, membamba, na ghala linakauka mapema. Ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/23 imeshusha bei, lakini lazima uwe umesajiliwa, na hela ya kumalizia ni yako. Halafu watu husema elimu bure. Kweli, ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa 2016, ila chakula cha mchana shuleni kinachangiwa, na mchango wa bibi ni debe la mahindi. Asipovuna, mjukuu anashinda njaa darasani, begi jipya mgongoni.

Sasa daftari langu lina safu ya tarehe ya kutimiza ahadi, na karibu wote wanaandika Desemba. Nikaanza kuwabana wanapotoka.

"Mzee wangu, Desemba mahindi yameshaota. Nusu leo kwa simu haiwezekani?"

Mmoja mwenye suti ya kijivu alinitazama kama nimemdai deni la baba yake, akatoa simu, akatuma yote. Mama mmoja akafungua pochi palepale. Wengine wakasema "nitakutafuta", wakaingia kwenye gari.

Jumapili jioni nikaligawa daftari upya. Zilizoingia taslimu na kwa simu zinanunua mbolea ya kupandia wiki hii. Ahadi za Desemba nimezihamishia kwenye ya kukuzia, maana hiyo inawekwa mahindi yakishasimama. Mwenyekiti amegoma kidogo, anasema wafadhili wanapenda picha za mabegi. Nimemwambia na mifuko ya mbolea inapigwa picha.