Uko na nini mu nyumba?

Bandugu mu Bwana, shalom. Juma hii tusome 2 Wafalme 4:1-7, ile habari ya mama mujane mwenye bwana yake alikufa akamuachia deni, na mwenye kudai anataka kubeba watoto wake wawili bakuwe batumwa. Mama analilia Elisha. Munaona, nabii hakufika na mufuko ya unga, aliuliza kwanza: uko na kitu gani mu nyumba? Mama akasema hana kitu, ni chupa ya mafuta tu. Na Mungu alianzia pale.

Hapa Goma tunajua vile ma ONG, mashirika ya misaada, yanaingiaka, jipe, lisiti, jetoni, shitingi ya plastiki ya kufunika nyumba, kiisha banaenda. Sisemi ni mubaya, kuko usiku shitingi njo inaokoa mutoto na mvua. Lakini mutu akiandikwa miaka na miaka mu lisiti ya shida, mwisho anaamini kama hana kitu.

Kule Kajiado, Kenya, kwa Wamasai, ukame inaua ng'ombe na udongo inakauka mpaka mvua ikinyesha maji inapita tu juu inaenda zake. Kuko mashirika yenye yanatumika na banakijiji kule bila mashine kubwa: bamama bananama na majembe, banachimba mashimo ya nusu duara, upande wenye iko wazi unaangalia kule maji inatokea, na udongo wenye banatoa banaupanga upande wa chini. Mvua ikikuja maji inakamatwa mule, inaingia polepole, majani inaota tena. Bengine banazungushia shamba ya majani uzio, banauza mbegu na majani makavu. Sasa nani anajua majani yenye ng'ombe anapenda kupita mama wa Kimasai? Ile akili ilikuwa mu nyumba mbele shirika ifike.

Na mu 2002 Wamasai ba kijiji ya Enoosaen, kule kule Kenya, bakisha kusikia kwa kijana wao mwenye alikuwa anasoma Marekani habari ya shambulio la New York, balitoa ng'ombe 14 kwa Wamarekani ya kuwapa pole, mbele ya mujumbe wa ubalozi. Ng'ombe, bandugu, kwa Mmasai! Ni kama Wamakedonia ba 2 Wakorinto 8, bako mu umaskini mukubwa na bado banaomba nafasi ya kutoa.

Mwaka huo huo, mwezi wa kwanza, moto ya volkano Nyiragongo ilipita katikati ya muji wetu, kiisha tukachukua mawe yake yenyewe tukajenga nyumba na nzio.

Kwa hiyo ombi yangu kwa seluli, bikundi bidogo bya maombi bya kanisa, zenye ziko naandika proje ya bamama benye balikimbia vita: musianze na byenye binakosekana. Mukae nao chini, muulize nani anajua kushona, nani anajua soya, nani alikuwa anazalisha bamama kule kwao, muandike ile kwanza. Siku ya ine mulete ile karatasi ku maombi, tutamuombea kila mama kwa jina yake na kazi yenye anajua.