Hita inayogoma usiku tu

Kuna mama huku Isamilo, Mwanza, hita yake ya gesi ya kupashia maji ya kuoga ilikuwa inamchezea. Asubuhi inawaka vizuri, usiku inagoma. Nikifika mchana, inawaka kama haijawahi kuugua. "Fundi, inakuogopa wewe," akaniambia. Walionitangulia walishabadilisha mtungi na regyuleta. Kitu cha gesi kikisumbua, lawama ya kwanza huwa ni gesi.

Mimi naanza na masikio. Ukifungua maji ya moto usisikie ta-ta-ta ya cheche, gesi haihusiki bado; angalia maji na betri. Moto ukishika kisha ukazima baada ya sekunde chache, mshukiwa ni kile kijiti cha kuhisi moto. Kikiingia masizi, saketi inadhani hakuna moto, inafunga gesi. Na afadhali ifunge.

Nikarudi saa mbili usiku. Ya mama huyu ilikuwa kimya kabisa. Nikarudi saa mbili usiku. Simtanki limekaa juu kidogo tu ya paa. Wapangaji wote wakifungua mabomba, presha inashuka na swichi ya maji, ile inayoamsha cheche, haisukumwi. Nikafungua chujio la maji yanapoingilia: kutu na mchanga mtupu. Nikalisugua kwa mswaki, ikawaka na mabomba yote yakiwa wazi.

Tulichobishania ni mahali ilipo: ndani ya bafu, dirisha limezibwa na nailoni. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ya moto unaokosa hewa, haina harufu, inaua. Nikamwambia ihamie ukuta wa nje na isiwashwe kabla. "Mwisho wa mwezi, baba." Nikafunga koki ya mtungi, nailoni nikaibandua mwenyewe.