Jongoo wa Bamburi

Nimetoka Haller Park, ile bustani ya wanyama na miti ya Bamburi, Mombasa, sasa hivi na wanangu, na kucha bado zina udongo.

Kwa asiyejua: pale palikuwa machimbo ya mawe ya saruji. Matumbawe matupu, jua kali, maji ya chumvichumvi chini. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda cha saruji cha Bamburi, akajaribu aina 26 za miti. Zilizoshika ni tatu tu, na mvinje ndio uliobeba kazi, maana mizizi yake huishi na bakteria wanaovuta naitrojeni, chakula cha mimea, hewani.

Ila majani yake yalirundikana, hayaozi.

Wakaletwa jongoo.

Jongoo! Hawahawa tunaowafagia barazani. Wakayala majani, wakayageuza, mboji ikaanza kujengeka juu ya jiwe.

Leo mwanangu mdogo kafukua kwa kidole kando ya njia. Udongo mweusi, laini, unanukia kama mvua ya kwanza. Chini yake kidogo tu, jiwe lilelile. Nimesimama pale, maneno yamenitoka.

Halafu huku mitaani kila jioni tunachoma majani ya mwembe. Inaniuma kweli.

Mimi machicha ya nazi, maganda ya ndizi na majani makavu nafukia chini ya mpapai, juu natandaza nyasi. Jua hili la pwani si la kuacha udongo uchi.

Wa Kisauni, Likoni, Changamwe: taka za jikoni mnapeleka wapi? Na mlio ghorofani, mnatengenezaje mboji kwenye ndoo isinuke? Niambieni.