Siku moja maishani mwangu: wiki ya mwisho ya Oktoba, Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani

Saa kumi na moja kasorobo, alfajiri

Nikishaosha uso natazama kipimajoto kilichobandikwa nje ya dirisha la jikoni. Leo ni digrii 29 za Fahrenheit, karibu nyuzi 2 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Theluji ya kukaa bado. Wiki hizi nazithamini kuliko zote za mwaka, kwa sababu pesa ya msimu wa baridi huokolewa sasa, ardhi ikiwa kavu na maduka yakiwa na saizi zote. Januari ni mwezi wa kulipa tu. Anayengoja barabara zijae barafu ndipo aanze kutafuta buti za watoto, fundi wa hita na koleo la theluji, atavipata, lakini kwa bei ya mwenye shida.

Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Baridi niliyolelewa nayo ni ya Julai, kusi ikivuma. Ukijitanda leso ya pili, imekwisha. Baridi ya huku ina taratibu zake, na mwenye mshahara kama wangu sharti azishike mapema.

Simu ina ujumbe wa sauti wa mama. Kwao ni saa saba kasorobo mchana. Anauliza kama wajukuu wake wana masweta ya kutosha na kama hita imeshatazamwa. Namwamkia, nampa habari zote huku nikikoroga uji wa wimbi. Sufuria hii moja itawatosha watoto watatu na baba yao. Chai ya tangawizi naitia kwenye chupa mbili, moja yangu ya kazini, moja ya nyumbani, ili jiko lisiwashwe mara ya pili asubuhi.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi

Tunapishana mlangoni. Baba watoto anatoka zamu ya usiku, mimi naingia ya mchana. Yeye ndiye atakayewapandisha watoto basi la shule, kisha alale. Ndivyo tulivyopanga tangu kitinda mimba azaliwe, na kwa mpango huu hatujawahi kumlipa mlezi.

Gari nalikagua kwa tochi. Magurudumu hupoteza takriban psi 1 (kipimo cha msukumo wa upepo ndani yake) kila joto linaposhuka digrii 10 za Fahrenheit, kwa hiyo Oktoba huwa najaza upepo hata kama kwa macho yanaonekana sawa. Gurudumu legevu hunywa petroli. Kwenye buti ya gari kuna blanketi, koleo fupi, mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya gurudumu likiteleza, na biskuti. Tangi siliachi lishuke chini ya nusu kuanzia sasa hadi Machi.

Saa kumi na mbili na nusu hadi saa tisa

Kazi yangu ni kuwahudumia wazee kwenye makao yao: kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha wasioweza, kuwageuza wasipate vidonda. Wakati huu wa mwaka alfajiri huingia kwa kuchelewa, kwa hiyo naswali hapa hapa, kwenye chumba cha mapumziko, kabla ya kupokea zamu.

Nina bibi mmoja wa miaka tisini na ushee, mtoto wa shamba la magharibi mwa jimbo hili. Kila mwezi kama huu, nikimvika soksi za sufu, husimulia jinsi baba yake alivyokuwa akipanga matita ya majani makavu kuzunguka msingi wa nyumba yote ili upepo usipite chini ya sakafu, na jinsi mama yake alivyojaza ghala la chini kwa chupa za maharagwe, nyanya na matunda. Leo kamaliza kwa kisa ambacho wazee wa hapa wote wanacho: theluji ya usiku wa Halloween, mwaka 1991. Ilianza tarehe 31 Oktoba, watoto wakiwa mitaani kuomba peremende, na haikukoma hadi tarehe 3 Novemba. Minneapolis ilipata inchi 28.4, mji wa Duluth inchi 36.9. Watu wengi walikuwa hawajatoa hata makoti kabatini. Mimi namsikiliza kwa makini sana. Hawa wazee walipita maisha ya dhiki kuliko yangu, na hakuna chuo kinachofundisha wanayoyajua.

Chakula cha mchana ni wali wa jana na samaki wa kopo niliyemkaanga kwa kitunguu. Sinunui chakula kazini.

Saa tisa na robo, alasiri

Napitia duka la mitumba. Kitinda mimba amekua, mikono ya jaketi la mwaka jana inamwishia juu ya kifundo. Kwa bahati, Minnesota nguo hazitozwi kodi ya mauzo, kwa hiyo bei unayoiona ndiyo unayolipa; lakini jaketi jipya la theluji la mtoto bado linauma, naye atalivaa msimu mmoja.

Nina utaratibu wangu wa kukagua. Zipu kwanza: naifungua na kuifunga hadi juu, nikitazama meno yake ya chini ambako ndiko huharibikia. Kisha nalikunja bega na kulibinya. Likiwa na manyoya ndani yaliyojikusanya mabonge, nalirudisha, halitapasha. Kisha mishono ya kwapani. Mwisho nalinusa, maana harufu ya ukungu haitoki. Leo nimepata la buluu, refu hadi mapajani, saizi moja juu yake. Nimechukua pia suruali ya theluji na glavu za mfuko, zile ambazo vidole vinne hukaa pamoja. Hizo hupasha kuliko za kila kidole na chumba chake, na mtoto wa miaka sita huzivaa mwenyewe bila kulia.

Jaketi lake dogo halitupwi. Limeshaahidiwa kwa mama mmoja wa Lamu aliye mtaa wa pili, ambaye mwanawe ana miaka minne. Kati ya familia zetu chache za pwani hapa nguo za baridi huzunguka hivyo mpaka zichakae kabisa.

Saa kumi na nusu

Watoto wameshuka basi. Shikamoo, marahaba, mikoba chini, kisha sote bustanini kabla jua halijaenda. Bustani yenyewe ni vipande viwili nyuma ya nyumba. Mchicha tuliuvuna wote Septemba, kwa kuwa sakitu, yaani umande ulioganda, ikipiga usiku mmoja tu, asubuhi umekuwa mweusi. Sukuma wiki ni mwingine. Baridi ya kwanza humtia utamu. Leo tunakata yote iliyobaki.

Binti wa katikati ndiye bingwa wa kuosha. Mimi nakatakata, naitosa kwenye maji yanayotokota kwa dakika tatu, naitoa na kuitia kwenye beseni la maji ya barafu, kisha naikamua kwa mikono miwili mpaka inakuwa donge. Donge moja ni mboga ya chakula kimoja cha sisi watano. Yanaingia kwenye mifuko, tarehe juu, kisha friza. Humo mna pia maharagwe yaliyokwisha chemshwa, yamegawanywa kwenye makopo ya mtindi. Nachemsha sufuria kubwa mara moja. Wiki zinazofuata kazi ni kuunga tu.

Saa kumi na moja na nusu, jioni

Baba watoto ameamka. Anashuka besimenti, chumba cha chini ya ardhi, na kifungua mimba, na leo nimeshuka nao kwa sababu nataka kijana ajue mambo haya bila kuambiwa mara mbili.

La kwanza ni filta ya hita. Ya zamani imekuwa ya kijivu kwa vumbi, na hita inayovuta hewa kupitia vumbi hufanya kazi maradufu kwa joto lile lile. Filta mpya ina mshale pembeni. Mshale huo lazima uelekee kwenye hita. La pili ni bomba la nje. Mpira wa kumwagilia unatolewa, valvu ya ndani inafungwa, kisha bomba la nje linaachwa wazi ili maji yaliyobaki yatoke. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na chuma cha bomba hakiwezi kuyazuia. Fundi wa kubomoa ukuta na kubadilisha bomba angekula akiba yetu ya msimu wote.

La tatu nalisema mimi mwenyewe kila mwaka, na nitalisema hapa pia. Kengele ya gesi ya kaboni monoksidi, ile iliyo karibu na vyumba vya kulala, tunaibonyeza tuisikie ikilia, na betri tunabadilisha. Sheria ya Minnesota inataka iwepo ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala. Nyinyi ndugu zangu mliofika karibuni, nawasihi: msilete jiko la makaa ndani ili kupunguza bili, na msiwashe ovena ya gesi mkaacha mlango wazi ili kupasha nyumba. Jiko tumekua nalo, tunaliamini, lakini kwetu moshi ulikuwa na pa kutokea, madirisha wazi, uwanja, mwanya wa makuti. Nyumba ya huku imezibwa kila upande, na sisi wenyewe leo usiku tutazidi kuiziba. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Mtu huhisi kichwa kizito, akadhani ni uchovu wa zamu, akalala, asiamke. Bana matumizi kwenye kila kitu kingine, kengele hii usiibane hata dola moja.

Saa kumi na mbili na dakika kidogo

Magharibi. Tunaswali pamoja, kisha maharagwe ya nazi, chapati, na sukuma ya leo leo. Saa zikirudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, jua litazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na nitakuwa narudi kutoka kazini mchana unakatika.

Saa moja, usiku

Hii ndiyo saa watoto wanayoingoja. Nawasha kijiti cha udi, kila mtoto anapewa zamu ya kukishika, na tunapita nacho dirisha kwa dirisha, polepole, taa imewashwa na feni zimezimwa. Moshi ukipanda wima, hapo pazima. Ukilala upande au ukikatika, hapo upepo unaingia, na dola zinatoka. Leo moshi umelala kwenye madirisha mawili ya sebuleni na chini ya mlango wa nyuma.

Nyumba ni ya kupanga, kwa hiyo hatubadilishi madirisha. Tunabandika plastiki maalumu, ambayo baridi ikiisha huvuliwa isiache alama. Kifungua mimba anafuta fremu kwa spiriti, maana gundi haishiki kwenye vumbi wala unyevu. Baba yao anabandika utepe wa pande mbili kuzunguka fremu yote. Wadogo wawili wanashika pembe za plastiki, wakiivuta isiguse sakafu, nami naikandamiza kuanzia juu. Ikishakaa ina makunyanzi kila mahali, inaonekana kama kazi mbovu. Hapo binti anachukua mashine ya kukaushia nywele, anaipitisha pembeni kwanza, kisha katikati, asiikaribishe sana isije ikatoboka, na makunyanzi yanajivuta moja baada ya jingine mpaka plastiki imekaza, ukiigonga kwa kidole inalia. Kati ya kioo na plastiki pamebaki hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia ndiyo blanketi.

Mlango wa nyuma unapata leso. Ni leso yangu ya zamani, imechanika katikati, maandishi hayasomeki tena. Niliikata kwa urefu, nikaishona mfuko mwembamba, tukaujaza vitambaa vya soksi zisizo na pacha na mchele kidogo wa kuupa uzito. Umelala chini ya mlango kwa upana wote. Kitinda mimba amekabidhiwa kazi ya kuurudisha mahali pake kila anayepita akiusogeza, na anaisimamia kazi yake vikali. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo: nyumba ambayo mzazi mmoja ndiye anayehangaika na bili, mwingine anaacha mlango wazi, haiokoi kitu.

Saa mbili na nusu

Watoto wamelala. Meza, kalamu, bili ya gesi.

Themostati, kile kidude cha kupangia joto la nyumba, mchana tunaiweka 68, yaani nyuzi 20 za Selsiasi, na usiku 60, kila mtu na blanketi zake mbili. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema ukishusha digrii 7 hadi 10 kwa saa nane kila siku unaweza kupunguza hadi asilimia 10 ya gharama ya mwaka ya kupasha na kupoza nyumba. Kwetu sisi hiyo ni hela ya kutosha kuonekana. Gesi tunalipa kwa wastani: kampuni hugawa matumizi ya mwaka kwa miezi kumi na miwili, hivyo Januari haituvamii.

Jirani mpya aliniuliza juzi afanyeje ikiwa atashindwa kulipa. Nilimwambia jimbo lina kanuni ya msimu wa baridi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili, inayomlinda mtu asikatiwe joto. Lakini lazima aipigie kampuni simu mwenyewe, wakubaliane mpango wa malipo, na aufuate. Kanuni haimwoni anayenyamaza. Upo pia msaada wa serikali wa kulipia joto kwa wenye kipato kidogo, na wapangaji wanaruhusiwa kuomba. Wengi wetu huona haya. Mimi niliwahi kuomba, nikasaidiwa, nikavuka msimu, na sioni haya kulisema.

Kinachosalia kati ya sasa na Machi kinakwenda Kisauni. Paa la jikoni kwa mama linavuja, na mvua za masika hazingoji.

Saa tatu kasorobo

Baba watoto anavaa koti, anachukua chupa yake ya chai, anaomba orodha ya Jumamosi. Mifereji ya paa itolewe majani, koleo kubwa litiwe mpini mpya, na betri ya gari lake ipimwe, maana imeshapita majira manne ya baridi. Betri kwanza, namwambia. Majani yanaweza kungoja Jumapili.