Nilivyojenga tanuri la matofali la kuokea pizza uani, la pili ndo likakubali

Nipo Morogoro, Kihonda, na uani kwangu kuna tanuri la matofali ambalo nimelijenga mara mbili. La kwanza nililijenga 2022 nikalibomoa mwenyewe kwa nyundo baada ya miezi mitano, la pili nikalianza Julai 2023 na ndo hili ninalookea mpaka leo. Kwa macho yalikua yanafanana kabisa, kuba kama la kwanza, matofali yenyewe mengi ni yale yale, lakini moja lilikua linakula kuni tu na lingine linaoka, kwahiyo nitaeleza zaidi pale yalipotofautiana.

Kuoka nilianza zamani, mikate na keki kwenye sufuria, mkaa chini mkaa juu, baadae nikanunua oveni ya umeme. Mikate ikawa inatoka vizuri ila pizza hapana. Oveni yangu mwisho wake ni nyuzi 250, pizza inakaa humo dakika 12 mpaka 15, inatoka imekauka kama biskuti. Wale wa Napoli kule Italia wanaoka kwenye nyuzi 430 na kuendelea, sekunde 60 mpaka 90 imeiva, ndo maana pembeni inavimba na ndani inabaki laini. Naongelea pizza ya kuokwa hapa, sio ile ya Forodhani Zanzibar inayokunjwa na kukaangwa kwenye chuma, ile naipenda sana ila ni chakula kingine.

Lile la kwanza nilijenga na kijana fundi ambae nyumba anajenga vizuri tu, na mimi nilikua nimeangalia video nyingi nikaona nimeelewa. Tukatumia tofali za kuchoma na udongo wa kujengea ukawa ni saruji na mchanga, kama ukuta wa kawaida. Mlango tukauacha mrefu, sentimita 38 wakati kuba ndani lilikua 45, nilitaka nipate nafasi ya kupitisha mkono. Juu tukapiga lipu basi. Siku ya pili yake nikawasha moto mkubwa maana nilikua na hamu, ndani ya nusu saa nikasikia paa, ufa ukatoka mlangoni mpaka katikati ya kuba. Niliumia sana siku ile. Nikaendelea kulitumia hivo hivo lakini kila nikiwasha mchanga unadondoka kwenye pizza, joto lote linatokea mlangoni, chini pizza inaungua juu chizi haijayeyuka, alafu ukizima moto ndani ya saa moja unaweza ukaweka mkono.

Jirani yangu kuna mzee ambae maisha yake yote amechoma tofali, ametengeneza matanuru huko mashambani mpaka mgongo umekataa. Siku moja akapita akanikuta nalia na ule ufa, akachukua kipande cha udongo uliodondoka akakisaga kwa vidole kikawa unga. Akaniuliza, "Mwanangu, ulishawahi kuona chungu cha saruji?" Nikamwambia sijawahi mzee. Akasema basi bomoa, tofali utunze, nikipata nafasi nitakuonesha.

Na ndo ivo, saruji inashikana kwa sababu ya maji yaliyojifunga ndani yake, ukiipeleka kwenye joto kali yale maji yanatoka na yenyewe inarudi kuwa vumbi. Udongo wa mfinyanzi ni kinyume, moto ukizidi ndo unakomaa. Saruji iko sawa kwenye msingi na kile kisimamo cha chini ambako joto halifiki, ila inapogusana na moto hapana.

Kisimamo tulijenga kwa bloku 40, umbo kama U ili katikati niweke kuni, kimo sentimita 90 nisiwe nainama. Juu tukamwaga jamvi la zege lenye nondo, unene sentimita 10, tukaliacha wiki mbili tunalimwagia maji. Hapo hakuna siri, fundi yeyote anajua.

Kilichofuata ndo sikukifanya mara ya kwanza na ndo kikubwa. Ukijenga sakafu ya tanuri moja kwa moja juu ya zege, zege linakunywa joto lote, utachoma kuni tangu asubuhi na moto ukizima sakafu inapoa haraka. Inatakiwa kitu kati yake kinachozuia joto lisishuke. Wenzetu wa nje wananunua maboksi ya vemikulaiti (madini mepesi yanayozuia joto) na blanketi maalum, mimi hapa nilikua na pumba za mpunga. Morogoro mashine za kukoboa ziko kila kona na pumba wanazitupa, nikabeba viroba kumi na nne bure kwa kirikuu, nikazichoma taratibu uani zikawa majivu. Yale majivu yakiwa meusi bado hayajaiva, yaache yaendelee kuungua chini kwa chini mpaka yawe ya kijivu cheupe. Majivu ya pumba ni silika kwa wingi na yana vitundu vitundu vya hewa, hayapitishi joto kirahisi. Nikatafuta pia chupa tupu za mvinyo na pombe kali, zile ambazo hazirudishwi kiwandani, nikazilaza zimebanana juu ya jamvi, katikati na juu nikajaza majivu yaliyochanganywa na uji wa udongo kidogo sana, ndoo tano za majivu kwa moja ya uji. Jumla unene kama sentimita 12. Likikauka linakua gumu ila jepesi, ukibonyeza kwa kidole halibonyei.

Sakafu nikapanga tofali juu ya mchanga laini uliochekechwa, bila udongo katikati, zimebanana tu, ili siku moja likipasuka naling'oa naweka lingine. Mzee alinichagulia tofali moja moja. Anazigonga mbili, zikilia kama kengele zimeiva, zikilia du hizo zilikua pembeni ya tanuru hazikupata moto. Ila pia zile zilizoungua mpaka zikawa zinang'aa kama kioo alizikataa, anasema zimepitiliza, zikipata moto wa ghafla zinapasuka. Katika tofali 200 nilizonunua (sh 200 moja) alitoa pembeni kama 40, hizo nimetengenezea kingo za bustani.

Udongo wa kujengea kuba tulitumia wa kichuguu. Tulichimba wa kichuguu kilichohamwa nje kidogo ya mji, tukauloweka kwenye pipa siku tatu, tukaukanyaga kwa miguu na mchanga wa mtoni uliochekechwa. Kipimo usichukue cha mtu mwingine, kwasababu vichuguu havifanani. Mzee alinifinyangisha vidonge vinne vya vipimo tofauti, tukavianika kivulini siku nne. Chenye udongo mwingi kilipasuka, chenye mchanga mwingi kilimeguka ukikigusa, kilichobaki kizima kilikua udongo ndoo moja mchanga ndoo mbili. Hicho ndo tukatumia.

Kuba ndani lina upana wa sentimita 90 na kimo 45, yani nusu ya mpira. Tofali tulikata katikati kwa tindo, upande mfupi ndo unaangalia ndani. Ili duara lisipotee tulipigilia msumari katikati ya sakafu tukafungia fimbo ya sentimita 45, kila tofali unaleta fimbo inaligusa, kama halijagusa unasogeza. Kingo za ndani za tofali zigusane kabisa, pengo libaki kwa nje ndo ulijaze udongo na vipande, maana udongo ukionekana sana kwa ndani ndo unaodondoka kwenye chakula. Na kozi inayofuata usilinganishe maungio na ya chini, hiyo hata kwenye ukuta ni hivo hivo.

Kozi tano za kwanza zilikwenda vizuri, baada ya hapo tofali linainama mno linataka kuteleza. Tukapanga viroba vya mchanga ndani vikawa vinashikilia, kozi ikishafunga duara inajibeba yenyewe huwezi amini, tofali zinasukumana zenyewe kwa zenyewe hakuna la kudondoka. Tofali la mwisho la juu mzee alilichonga kama kizibo akaligongea kwa mpini wa nyundo taratibu, akaniambia panda. Nikaogopa. Akapanda yeye, na mgongo wake ule.

Mlango sasa. Urefu wa mlango unatakiwa uwe kama asilimia 63 ya kimo cha kuba kwa ndani, kwangu 45 inakuja sentimita 28, upana nikaweka 45. Ukiwa mrefu zaidi joto linatoka, ukiwa mfupi sana moto unakosa hewa na moshi unarudi. Hewa baridi inaingia chini ya mlango, inaenda kwenye moto, inapanda inazunguka kuba na kutokea juu ya mlango huo huo, ndo maana bomba la moshi linakaa mbele nje ya kuba na sio juu katikati. Watu wengi wakija wanauliza mbona bomba liko mlangoni, ni hivo, ukitoboa juu umetoboa chungu.

Viroba tukavitolea mlangoni, kuba tukalifunika kwa magunia mabichi wiki nzima ili lisikauke haraka upande wa jua. Baadae tukavalisha tabaka lingine la majivu na udongo sentimita 10, alafu wavu wa kuku, alafu lipu ya chokaa na mchanga na saruji kidogo, huku nje saruji haina shida. Juu nikaweka kipaa cha bati, kwasababu masika ya hapa yanajulikana, tanuri likinyonya maji ukija kuwasha yale maji yanageuka mvuke ndani ya tofali na ndo yanapasua.

Hapo kwenye kukausha ndo pamenipa adabu. Baada ya kumaliza nilikaa wiki mbili bila kuwasha chochote. Kisha siku ya kwanza nikaingiza jiko dogo la mkaa tu, masaa manne. Siku ya pili hivo hivo. Siku ya tatu vijiti vyembamba, siku ya nne vijiti zaidi, nikaongeza kidogo kidogo mpaka siku ya saba. Siku ya tatu na ya nne ile lipu ya nje ilikua inalowa madoa madoa na mvuke unaonekana kabisa asubuhi, kwahiyo maji yalikuwepo mengi humo ndani na mimi lile la kwanza nililiwashia moto wa nguvu siku ya pili! Hili lilipata nyufa mbili nyembamba kama unywele, moto ukizima zinafunga, haijawahi kunisumbua.

Siku ya kuoka nawasha saa 9 alasiri, kuni za mwembe zilizokauka mwaka mzima na mkaratusi kidogo kuongeza mwali. Usitumie mbao zilizopakwa rangi wala dawa ya mchwa, ile sumu inaingia kwenye chakula. Kwanza kuba lote ndani linakua jeusi tii kwa masizi, baada ya kama saa moja na nusu linaanza kujisafisha kuanzia juu, masizi yanaungua tofali linarudi rangi yake, hiyo ndo saa yenyewe maana masizi hayaondoki mpaka kuba lifike kama nyuzi 350. Nasukuma moto upande mmoja, nafuta sakafu kwa kitambaa kibichi kilichofungwa kwenye mti, natupia unga wa ngano kidogo: ukiwa mweusi hapo hapo sakafu imezidi nasubiri, ukipiga kahawia taratibu naingiza.

Unga wangu ni kilo 1, maji mililita 620, chumvi gramu 25, hamira kijiko cha chai kisichojaa, naukanda jioni unalala kwenye friji. Beleshi nilichongewa la plaiwudi na seremala. Pizza ya kwanza ya tanuri la pili ilitoka kwa dakika mbili na nusu, nikaigeuza mara mbili tu, ukingo umevimba una madoa meusi, chizi inachemka. Niliitoa nikakaa chini nikailia pale pale kwenye kuni, sikumsubiri mtu. Sasa hivi nimezoea, dakika moja na nusu imeiva.

Gharama nilijumlisha ikafika kama sh 570,000 pamoja na fundi, nondo, bomba na kipaa, ya lile la kwanza siihesabu. Kama una bati lako na unachimba udongo mwenyewe inashuka.

Ambacho sikukitegemea ni joto linalobaki. Pizza zikiisha natoa makaa, nafunga mlango wa mbao nzito niliolowesha, saa 2 usiku naingiza mikate, inaiva kwa ule ule moto wa alasiri. Nimeazima kipima joto cha kumulika nikapima asubuhi saa 1, ndani bado nyuzi 180. Mzee alivyosikia hivyo akaanza kuleta chungu chake cha maharage, Jumamosi saa 3 usiku tunakiingiza kimefunikwa, asubuhi kabla hajaenda kanisani anapita kukichukua, na mkate wake mmoja juu.